Karatasi inasema neutrofili ziko chini: je, mwanangu hana kinga?

*"Shikamoo daktari. Nina mtoto wa kiume wa miaka sita, tupo Tanga mjini. Mwezi wa kumi na moja alipata homa siku tatu, nikampeleka zahanati. Malaria haikuonekana. Wakampima FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, karatasi ikatoka na herufi L mbili, yaani chini: seli nyeupe 3.9 na neutrofili 1.1. Limfosaiti 2.2 hazikuwekewa herufi. Damu yenyewe 11.8, chembe sahani 268. Aliyenisomea majibu akasema kinga ya mtoto imeshuka sana, nikampime UKIMWI. Nimempima mara mbili, hana. Mimi na baba yake tumepima, hatuna. Homa iliisha yenyewe. Mwezi wa kwanza nikarudia FBP akiwa mzima kabisa: seli nyeupe 4.1, neutrofili 1.2. Nikapekua daftari lake, nikakuta mwaka jana mwezi wa nne, alipokuwa na jipu pajani, walimpima na zilikuwa sawa, seli nyeupe 11.2 na neutrofili 6.8. Kwa hiyo tangu hapo kinga imekuwa ikishuka. Duka la dawa wameniuzia dawa ya maji ya kuongeza kinga, yenye zinki, shilingi 38,000 chupa moja. Niko chupa ya tatu. Nampa pia juisi ya bitiruti na unga wa mlonge. Nimemsimamisha shule na madrasa asije akaambukizwa, na majirani wameanza kuniuliza maswali. Naogopa ni saratani ya damu. Nifanye nini?"*

Marahaba mama, na pole sana kwa miezi hii. Nianze na lile linalokunyima usingizi: katika yote uliyoyaandika sioni dalili ya saratani ya damu, wala simwoni mtoto asiye na kinga. Ninachokiona ni mtoto ambaye namba yake moja, ya neutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, imepimwa kwa rula ya watoto wengine. Sijamshika tumbo wala kumwangalia mdomoni, kwa hiyo mbele nitakueleza mambo ambayo daktari wa hapo kwenu anapaswa kuyaona kwa macho yake. Lakini kwanza tuisome karatasi pamoja, maana nadhani ulikabidhiwa bila mtu kukaa nawe chini kukusomea.

Neno "kinga" tunalitumia kama maji ya tangi. Tangi limejaa, tangi limepungua, tununue kitu cha kulijaza. Ndiyo maana mtu akiona namba moja iko chini husema "kinga imeshuka", na mzazi hurudi nyumbani akijua mtoto wake yuko uchi mbele ya kila ugonjwa. Mwilini hakuna tangi la namna hiyo. Kuna ngozi, kuna ute wa puani na kooni, kuna asidi ya tumboni, kuna chembe za aina nyingi zenye kazi tofauti, kuna kingamwili zinazoelea kwenye damu, kuna bandama na tezi. FBP haipimi hata nusu ya hayo. Inahesabu chembe zilizokuwa zinapita kwenye mshipa wa mkono dakika ile sindano ilipoingia, basi.

Katika kitone cha damu cha milimita moja ya ujazo, ambacho ni kidogo kuliko punje ya ulezi, kuna chembe nyekundu kama milioni nne au tano. Hizo hubeba hewa, na ndizo zinazotoa ile namba mnayoiita "damu". Ya mwanao ni 11.8. Kwa mtoto wa umri wake Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu wa damu kuanzia chini ya 11.5, kwa hiyo hapo yuko salama. Ndani ya kitone hicho hicho kuna chembe sahani, zile zinazoziba tundu mtu anapokatika. Zake ni 268, yaani 268,000, kati ya 150 na 450 zinazotarajiwa. Halafu ndiyo kuna chembe nyeupe, elfu chache tu. Ukiitazama damu kwenye hadubini unaona nyekundu zimejazana kama choroko kwenye ungo, na moja moja, hapa na pale, chembe kubwa iliyopakwa rangi ya zambarau. Hiyo ndiyo nyeupe. Mara ya kwanza kuziona nikiwa mwanafunzi nilishangaa zilivyo chache.

Zile nyeupe nazo si za namna moja. Neutrofili utaitambua kwa kiini chake kilichokatika vipande viwili hadi vitano, kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Kazi yake ni kufika haraka penye jeraha au bakteria na kula. Limfosaiti ni ya mviringo, kiini chake kimeijaza karibu yote. Humo ndimo zimo zinazotengeneza kingamwili, zinazoua chembe za mwili zilizovamiwa na virusi, na zinazokumbuka ugonjwa miaka mingi baada ya kupona. Eosinofili ina punje za rangi ya chungwa, na huku kwetu ikipanda tunawaza minyoo na kichocho kabla ya jambo lingine. Kuna monosaiti na basofili pia, ambazo leo hazituhusu. Neno "seli nyeupe" kwenye karatasi ni jumla ya hizi zote, na kwa mwanao jumla ilikuwa 3.9, yaani 3,900, kwa sababu neutrofili zilikuwa chache. Limfosaiti zake hazina kasoro. Herufi L mbili ulizoziona ni habari moja iliyoandikwa mara mbili.

Sasa turudi kwenye jipu.

Umeliandika kama ushahidi kwamba mtoto alikuwa sawa, halafu akaanza kushuka. Mimi nimelisoma kinyume chake, na kwangu ndilo jambo lenye thamani kuliko yote katika barua yako. Ile 6.8 haikuwa kiwango chake cha kila siku. Ilikuwa kiwango cha mwili uliokuwa kazini.

Tuliangalie jipu lenyewe. Bakteria wa juu ya ngozi waliingia pajani, labda kupitia tundu la unywele au mkwaruzo. Chini ya ngozi kuna chembe walinzi, makrofaji, ambazo zimeishi hapo muda wote na hazihesabiwi na kipimo chochote cha damu. Ziliwanusa wageni zikaanza kuwala na kumwaga kemikali za kuita msaada. Kemikali hizo zilitanua mishipa midogo ya damu, ngozi ikawa nyekundu na ya moto. Zililegeza kuta za mishipa, maji yakavuja, paja likavimba na kuuma. Zilifika kwenye ubongo zikapandisha joto la mwili. Na zilifika kwenye uboho, ule uroto wa ndani ya mifupa ambamo chembe za damu hutengenezwa, ukafungua milango. Humo neutrofili zilizokomaa hukaa akiba, nyingi mara nyingi zaidi ya zile zinazozunguka kwenye damu. Zilitoka, zikabebwa na damu hadi pajani, zikagusa ukuta wa mshipa, zikaviringika juu yake, zikakwama, zikajipenyeza katikati ya chembe za ukuta zikatoka nje. Zikala bakteria, zikafa. Ule usaha mweupe uliotoka jipu lilipopasuka, sehemu kubwa ni maiti za neutrofili.

Kwa hiyo, mama, umeshaziona neutrofili za mwanao kwa macho. Ziliitwa zikaja kwa wingi, zikapigana, jipu likaisha. Mtoto ambaye uboho wake umeshindwa hafikishi 6.8 anapoitwa. Mara nyingi hata usaha wa maana hatoi. Kidonda kinabaki chekundu, kinauma, kinapanuka, bila kutunga.

(Mtu wa kwanza kueleza ulaji huu kama njia ya mwili kujikinga, Ilya Metchnikoff, mwaka 1882 alikuwa Messina, mji wa pwani ya Italia. Alichoma miiba ya waridi kwenye watoto wa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini wa umbo la nyota, ambao miili yao inaonyesha hadi ndani kama kioo, na kesho yake akakuta chembe zimeuzunguka mwiba. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich, aliyevumbua rangi za kutofautisha chembe nyeupe. Rangi tunazopaka damu maabara leo zimetokana na kazi yake.)

Utauliza: mbona basi asipokuwa na jipu zinakuwa 1.1 na 1.2?

Fikiria kijiwe cha bodaboda. Ukipita saa nne asubuhi ukakuta pikipiki tatu, huwezi kusema mtaa una bodaboda watatu. Wengine wako njiani na abiria, wengine wameegesha vichochoroni, wengine bado wako nyumbani. Damu ni kijiwe. Neutrofili hupita hapo saa chache tu zikitoka kwenye uboho kwenda kwenye nyama za mwili, na uboho wa mtu mzima hutoa takriban bilioni 100 kila siku. Hata zile zilizo ndani ya mishipa, karibu nusu zimejibanza ukutani hazisogei na damu, kwa hiyo sindano haizipati. Mtoto akilia na kurusha miguu wakati wa kuchomwa, baadhi hubanduka ukutani na namba inapanda palepale bila ugonjwa wowote. Unaona jinsi hesabu ya kijiweni inavyoyumba hata kwa mtu yule yule.

Na kuna watu ambao kijiwe chao, kwa urithi, huwa na pikipiki chache siku zote huku mtaa ukihudumiwa vizuri. Watu hao ni wengi sana, na wengi wao ni sisi.

Juu ya chembe nyekundu za watu wengi wa Ulaya na Asia kuna protini inayoitwa Duffy. Ni jina la mgonjwa wa hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, aliyekuwa amewekewa damu mara nyingi huko Uingereza, na protini hiyo ilitambuliwa mwaka 1950 kupitia damu yake. Vimelea vya malaria vya aina ya *Plasmodium vivax* huitumia kama kitasa cha mlango kuingilia ndani ya chembe. Waafrika walio wengi wa kusini mwa Sahara, na baadhi ya watu wa Yemen na kwingineko Arabuni, wamerithi badiliko la herufi moja tu kwenye jeni, linaloizima protini hiyo kwenye chembe nyekundu peke yake. Kitasa hakipo, vivaksi inahangaika kuingia. Louis Miller na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1976. Ni zawadi ya mababu waliokaa na malaria vizazi na vizazi. Ila usiielewe vibaya: malaria inayoua watoto wetu Tanzania ni ya falsiparamu, na hiyo haihitaji kitasa cha Duffy. Chandarua kibaki pale pale, na kila homa ipimwe malaria.

Mwaka 2009 ikagundulika kwamba badiliko hilo hilo ndilo linalowafanya watu wetu wawe na neutrofili chache kwenye damu. Protini ya Duffy ina kazi nyingine ya kudaka kemikali zinazoziita chembe nyeupe. Isipokuwepo kwenye chembe nyekundu changa, huko ndani ya uboho ambako neutrofili nazo zinalelewa, neutrofili hutoka zikiwa na maumbile tofauti kidogo, na utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba huiacha damu mapema kuingia mwilini. Hazikosekani. Zimeshaondoka kijiweni. Baadhi ya wenye urithi huu hukaa kati ya 1.0 na 2.0 wakiwa wazima, wachache huteremka chini kidogo ya 1.0, na hawaugui kuliko watu wengine.

Sasa ile L imetoka wapi? Mashine nyingi za maabara huja na viwango vyake tayari, na mpaka wa 1.5 ambao madaktari duniani kote wameutumia kusema "pungufu" ulitokana na damu za watu wenye asili ya Ulaya. Mashine haimjui mwanao. Inalinganisha namba na namba, inaandika L. Zamani tuliiita hali hii kwa jina lenye maana ya "upungufu wa kikabila usio na madhara". Jina hilo silipendi, na nafurahi linaachwa. Haihusu kabila, na huwezi kuita pungufu kitu ambacho ndicho kawaida ya mamilioni ya watu. Jina hilo limeumiza watu kweli. Kuna wagonjwa weusi wa akili walionyimwa klozapini, dawa ambayo ingewasaidia, au wakaachishwa, kwa sababu neutrofili zao zilikuwa chini ya mpaka usiowahusu. Marekani ilikuja kuwawekea mpaka wao mwaka 2015.

Je, nina hakika mwanao ni wa kundi hili? Nina sababu nzuri za kudhani hivyo: vipimo viwili vimekaa karibu sana, 1.1 na 1.2, kimoja akiwa na homa kidogo na kimoja akiwa mzima. Nyekundu na sahani ni nzuri. Alipopata bakteria, namba ilipanda. Hujaandika kwamba analazwa mara kwa mara wala kwamba ana vidonda visivyopona. Kile kipimo cha mwezi wa kumi na moja peke yake kisingetosha, kwa sababu homa nyingi za virusi hushusha neutrofili kwa muda, na baadhi ya dawa hufanya hivyo pia, kama Septrin ikitumika siku nyingi. Ndiyo maana ulifanya jambo la busara kurudia akiwa mzima, hata kama ulilifanya kwa hofu.

Ningekushauri apimwe tena mara moja, baada ya miezi miwili au mitatu, akiwa hana homa wala mafua. Siku hiyo hiyo wewe na baba yake mpime FBP. Ni kipimo cha bei ndogo, na sitashangaa mmoja wenu au wote wawili mkikutwa na 1.4 au 1.6 na hamkuwahi kujua. Mwombe daktari aagize damu ya mtoto itandazwe kwenye kioo na kuangaliwa kwa hadubini na mtu, isiachiwe mashine tu. Kipimo cha Duffy chenyewe kipo, lakini huku kwetu hukikuti hospitali nyingi, na kwa mtoto kama wako hakibadilishi matibabu, kwa hiyo usiuze kitu kukitafuta. Kuchomwa kiunoni kutolewa uboho ni kipimo chenye maumivu na hapa hakihitajiki. Akitokea mtu akakuambia ufanye hivyo kwa namba hizi peke yake, muulize anatafuta nini.

Kuhusu UKIMWI. Virusi vya UKIMWI hulenga aina mojawapo ya limfosaiti, zile za CD4, na FBP haiwezi kuzionyesha peke yake. Mtu anaweza kuwa na virusi na FBP ikawa safi, na anaweza kuwa na L tele akawa hana virusi. Kwa mtoto aliyepita miezi 18, kipimo cha haraka cha kingamwili kinaaminika. Chini ya umri huo ndipo kingamwili za mama hutuchanganya. Mwanao ana miaka sita, amepimwa mara mbili, wazazi wake wamepimwa. Suala hilo limefungwa. Majirani huna deni nao la maelezo.

Kuhusu saratani ya damu. Saratani ya watoto humea ndani ya uboho na kuchukua nafasi ya kila kinachotengenezwa humo. Kwa kawaida mtoto hupauka viganja na kope kwa sababu nyekundu zimekosa mahali pa kukulia, hutokwa na alama za damu kwenye ngozi na fizi kwa sababu sahani zimekwisha, mifupa humuuma hadi akatae kutembea, mitoki na bandama huvimba. Mwanao ana miezi kadhaa tangu kipimo cha kwanza cha mashaka, na nyekundu na sahani zake zilikuwa imara. Ugonjwa ule haumsubiri mtu kwa upole namna hii.

Nakuja kwenye ile dawa ya maji, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini. Acha kumpa. Zinki ina kazi yake. Mtoto anayeharisha tunampa siku 10 hadi 14, na inasaidia kweli. Lakini zinki nyingi kila siku kwa miezi huzuia utumbo usifyonze shaba, na mwili ukikosa shaba uboho hushindwa kutengeneza damu vizuri. Miongoni mwa vitu vinavyoshuka ni neutrofili. Yaani dawa uliyouziwa kupandisha namba ile inaweza, ukiendelea nayo, kuishusha kwa kweli. Sisemi imeshamdhuru. Nasema chupa ya nne usinunue, na chupa zote tatu nenda nazo kwa daktari asome kipimo kilichoandikwa na ajue alikuwa anapewa kiasi gani. Nimesikitika kuona 38,000 mara tatu zikiondoka kwenye nyumba yenye mtoto wa kusomesha.

Bitiruti haina ubaya. Wekundu wake ni rangi ya mmea, haugeuki damu, na hauhusiani na chembe nyeupe. Mlonge ni mboga nzuri, mpikieni majani yake kama mnavyopika kisamvu, lakini msiutegemee kama dawa. Mtoto anayekula ugali au wali na maharage, dagaa, yai, mchicha na embe anapata kile ambacho uboho unakihitaji.

Kitu ambacho kweli hufundisha kinga ya mtoto kiko kwenye kadi yake ya kliniki. Mwili ukikutana na kijidudu kipya, chembe zilizokimeza hubeba vipande vyake hadi kwenye tezi, huko limfosaiti chache zinazokitambua huanza kugawanyika, na huchukua takriban wiki moja mpaka kingamwili za kutosha zipatikane. Baadhi ya limfosaiti hizo hubaki kama kumbukumbu. Chanjo huutengeneza ukumbusho huo bila mtoto kupitia ugonjwa. Hakikisha alipata surua rubela ya miezi 9 na ile ya miezi 18. Surua naitilia mkazo kwa sababu virusi vyake huvamia hizo hizo chembe za kumbukumbu na kuziangamiza. Mtoto aliyepona surua anaweza kusahau magonjwa ambayo mwili wake ulikuwa umeshajifunza, na mwaka 2019 watafiti waliopima watoto kabla na baada ya surua waliona sehemu kubwa ya kingamwili zao za zamani imepotea. Ukitaka kujua kinga kushuka kunafananaje, ni huko. Kama dozi moja ilirukwa, kliniki watakuambia cha kufanya hata sasa.

Sasa yale ambayo daktari akague kwa mikono yake: fizi na mdomo, mitoki ya shingo, kwapa na kinena, tumbo kwa ajili ya bandama na ini, viganja, ngozi, na uzito ukilinganishwa na wa mwaka jana. Jiulizeni pia maswali haya ninyi wenyewe nyumbani kabla ya kwenda. Je, hupata vidonda vya mdomoni na homa vinavyorudi kila baada ya wiki tatu hivi, kama kalenda? Kuna hali ya kurithi ambayo neutrofili hushuka na kupanda kwa mzunguko wa siku 21, na hiyo ina matibabu yake. Je, amewahi kuwa na nimonia zaidi ya mara moja, masikio yanayotoa usaha miezi, majipu yanayofuatana? Kuna mtoto yeyote katika ukoo aliyefariki mdogo kwa maambukizi yasiyoeleweka? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, omba rufaa hospitali ya mkoa uonane na daktari wa watoto, na wao wataamua kama afike kwa bingwa wa damu.

Vilevile nenda haraka, usisubiri ile miezi miwili, kama atapauka, atatokwa damu puani isiyokoma au madoa mekundu kwenye ngozi, atakonda, au kipimo kingine kikionyesha neutrofili chini ya 1.0 pamoja na nyekundu au sahani zilizoshuka. Neutrofili chini ya 0.5 ni jambo jingine kabisa. Hapo homa ya nyuzi 38 ni dharura ya usiku huo huo, kwa sababu bakteria wanaweza kuenea damuni kabla mwili haujapata wa kuwatuma. Hatuko huko. Na kama mtoto yeyote, akipata homa na kupumua haraka, kushindwa kunywa, kutapika kila kitu, kulegea au kupata degedege, unakimbia hospitali bila kuangalia karatasi ya zamani.

Kuna jambo moja la kufanya leo. Chukua daftari lake la hospitali, na kwenye ukurasa wa mbele kabisa, mahali ambapo kila mhudumu atapaona, andika kwa kalamu: akiwa mzima neutrofili zake ni 1.2, akiwa na homa zilikuwa 1.1, akiwa na jipu zilipanda hadi 6.8, kipimo cha VVU hana. Acha nafasi ya kuongeza ile ya mara ya tatu. Siku moja atafika mahali akiwa na homa, mtu mwingine ataona L na kuanza kukutisha upya, na wewe utamfungulia ukurasa huo.

Shuleni na madrasa mrudishe Jumatatu. Atapata mafua, watoto wote wanapata, na limfosaiti zake zitajifunza kitu. Akirudi na goti lililochubuka uwanjani, lioshe kwa maji safi na sabuni. Kesho yake ukiona kando ya kidonda pana wekundu kidogo na joto, ujue neutrofili zimeshafika.